Ukimaliza ndondo Ujiji, fikiria kabla hujaruka ziwani

KIGOMA. Julai 25, 2021 nilikuwa jukwaani Uwanja wa Lake Tanganyika, Taddeo Lwanga alipopiga kichwa mpira wa kona na kuipa Simba bao pekee dhidi ya Yanga kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Nusu ya uwanja ilipasuka kwa kelele, nusu nyingine ikawa kama iko matangani.

Kinachonijia kichwani kila nikikumbuka ile wikiendi ni asubuhi yake. Mashabiki waliotoka Dar, wengine bado na jezi za jana, walijaa ufukweni. Wamekuja mwisho wa reli, wameona maji ya kijani na bluu yanayoonesha mawe ya chini, wakaruka. Mchana migebuka ya kukaanga na ugali, jioni safari.

Hakuna aliyeuliza maji yakoje. Mimi mwenyewe sikuuliza, na nimezaliwa hapa hapa Ujiji.

Mwezi huu nimerudi nyumbani kuiangalia Mashujaa, timu iliyoipeleka Kigoma Ligi Kuu msimu wa 2023/24. Nikapata siku mbili za bure, nikazitumia kutembea kutoka Katonga hadi Ujiji nikiwa na swali moja ambalo baadaye likageuka matatu. Maji haya ni salama kuogelea? Samaki na viumbe wengine wanaishi vizuri humo? Na samaki mwenyewe, ukimla, uko salama?

Nilidhani jibu litakuwa moja. Kumbe ni kama kipa, beki na straika: wote wachezaji, lakini huwezi kuwapima kwa kipimo kile kile.

PARIS NAO WALICHEMKA

Tuanze na kuoga. Kipimo kinachotumika sana duniani ni kuhesabu bakteria anayeitwa E. coli. Huyu anaishi kwenye utumbo wa binadamu na wanyama, kwa hiyo ukimkuta majini ujue kinyesi kimefika. Unachota mililita 100, yaani chini ya nusu ya glasi, unachuja, unaweka kwenye joto la nyuzi 44 hivi, kesho yake unahesabu madoa.

Maji ya kunywa yanatakiwa yawe sifuri. Ya kuogelea yanavumiliwa kidogo. Marekani wastani wao wa mito na maziwa usizidi 126 kwa mililita 100. Ulaya, maji ya bara yanaitwa bora kabisa yakiwa chini ya 500. Shirikisho la dunia la triathloni linaruhusu mashindano hadi 1,000.

Mnaikumbuka Olimpiki ya 2024. Mto Seine ulipigwa marufuku kuogelea tangu 1923, Wafaransa wakatumia takriban euro bilioni 1.4 kuusafisha. Ikanyesha mvua siku ya ufunguzi, Julai 26, na triathloni ya wanaume iliyopangwa Julai 30 ikasogezwa hadi kesho yake kwa sababu vipimo vilikuwa vibaya. Pesa zote zile, mvua moja tu ikaharibu ratiba.

Sasa angalia Kigoma. Mji umekaa juu ya vilima na maji yote ya mvua yanashuka ziwani, yakibeba kila kilichoachwa mitaroni na kilichofurika kutoka vyooni. Msimu wa mvua ni karibu Novemba hadi Aprili, ligi ikiwa katikati. Halafu tangu mwaka 2020 hivi ziwa limepanda, limeingia kwenye nyumba na mialo, na nyumba ikiingiwa na maji choo chake hakibaki kikavu. Huhitaji maabara kujua kwamba siku mbili tatu baada ya mvua kubwa, karibu na mdomo wa mtaro, si mahali pa kupiga mbizi.

Uwanja wenyewe wa Lake Tanganyika una historia hiyo. Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walirundikana Kagunga, kijiji cha mpakani kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, wakiyanywa maji ya ziwa lile lile walilolitumia kwa kila kitu. Kipindupindu kikalipuka. Umoja wa Mataifa ulitaja wagonjwa karibu 3,000 na vifo 31. MV Liemba, meli ya Wajerumani ya 1913, iliwaleta Kigoma kwa zamu, na mahali walipopokelewa ni pale pale uwanjani, kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Pale Lwanga alipofungia, miaka sita nyuma watu walikuwa wamelazwa na dripu.

KUNA ASIYEONEKANA NA KIPIMO

Hapa ndipo shida yangu na E. coli inapoanza. Unaweza kupata namba safi kabisa, maji yanang'aa, na bado ukatoka umeumia. Kichocho hakihesabiwi kwenye kile kipimo.

Cha huku kwetu ni hasa kile cha tumbo. Mtu mwenye ugonjwa akijisaidia karibu na maji, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono wadogo, vinazaliana humo, kisha vinatoka maelfu kuogelea vikitafuta ngozi. Vinatoka zaidi mchana jua likiwa kali, ndio muda ule ule madogo wanaoga. Vinapenya ngozi ndani ya dakika chache, huhitaji hata kumeza maji. Konokono wenyewe wanapenda zaidi sehemu zilizotulia zenye majani, kama midomo ya mito.

Nikiwa na miaka 16 nilikuwa namba saba wa timu ya mtaa. Mbio nilikuwa nazo, nasema bila kujisifu. Msimu mmoja pumzi ikaanza kukata dakika ya 20. Tumbo linauma, nachoka hata kupanda ngazi, na chooni nikaona damu nikanyamaza kwa aibu. Kocha akasema dogo kawa mvivu, starehe zimemzidi, akaniweka benchi. Mama mdogo ndiye aliyegundua, akanishika mkono hadi zahanati. Wakapima choo, wakanipa prazikwanteli, vidonge vya kupimiwa kwa uzito, vya siku moja. Wiki chache baadaye nilikuwa nakimbia tena, ila majaribio ya timu ya vijana yalikuwa yamepita. Nikaenda kusomea stashahada ya uandishi.

Silalamiki, kazi hii naipenda. Lakini najiuliza ni mawinga wangapi wa Kigoma wameitwa wavivu.

Na dawa haikupi kinga. Ukirudi kwenye maji yale yale, unaanza upya.

TOPE LA LUICHE

Swali la pili, la viumbe, halina uhusiano na matumbo yetu. Nenda kusini ya Ujiji, Mto Luiche unapoingia ziwani kupitia mashamba ya mpunga. Wakati wa mvua unaona mstari kabisa: huku kahawia, kule bluu.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani nyuma ya Baikal. Ukisikia hivyo unadhani samaki wana nafasi kubwa. Hapana. Kushuka chini ya mita 100 hadi 200 hivi oksijeni inaisha, kwa hiyo uhai wote umebanwa juu, kama timu inayocheza kwenye robo ya uwanja. Na wale samaki wa rangi rangi wa kwenye mawe, aina zaidi ya 200 na wengi wao hawapatikani popote pengine duniani, wanakaa kandokando, pale pale tope linapotua. Linafunika mwani wanaokula, linaziba nyufa wanazotagia. Watafiti walishaonesha tangu miaka ya 1990 kwamba kwenye tope jingi idadi ya aina hupungua.

Kwa hiyo hapa hupimi bakteria. Unapima oksijeni, na unashusha sahani yenye rangi nyeusi na nyeupe kwa kamba uone inapotea kina gani. Tope likitoka shambani na mlimani, dawa yake iko huko juu, siyo ufukweni. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa ziachwe bila shughuli za kudumu au za kuharibu. Tembea Ujiji uhesabu mita 60 uone umefikia sebule ya nani.

MGEBUKA JE?

Swali la tatu ndilo wenye njaa mlikuwa mnalisubiri. Habari si mbaya. Bakteria wanakufa kwenye mafuta ya moto, hivyo mgebuka aliyeiva vizuri hana neno. Dagaa angalia wamekaushwa wapi: wa kwenye kichanja ni tofauti na wa kwenye mchanga ambao mbuzi na watu wamepita.

Kisichokufa kwa moto ni zebaki. Inapanda ngazi: mdogo analiwa na mkubwa, mkubwa na mkubwa zaidi, kila hatua inaongezeka. Utafiti wa ziwa hili uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta mwendo huo huo. Dagaa anaishi mwaka mmoja hivi, hana muda wa kuikusanya. Samaki mkubwa mzee anayekula wenzake ndiye wa kula kwa kiasi, hasa mama mjamzito na watoto wadogo. Dagaa wa Kigoma basi ameshinda ugenini na nyumbani.

Jioni ya mwisho nilikuta mechi ya madogo mchangani, tano kwa tano, ndala ndiyo goli. Walipomaliza, kama kawaida, mbio ziwani kuelekea penye matete, ndiko maji yametulia. Nikamuita mmoja, winga wa kushoto, nikamweleza habari za konokono. Akanisikiliza vizuri, akaniita anko, akauliza kama ni kweli namjua kipa wa Mashujaa. Nikamwambia namjua. Akataka nimuulize kama kipa naye anaoga ziwani.

Nimeandika swali kwenye daftari. Mazoezi ni kesho saa mbili asubuhi.