Ekari za Kijani za Philadelphia

Katika sehemu kubwa ya jiji la Philadelphia, Marekani, hasa mitaa ya zamani, bomba moja chini ya barabara hubeba majitaka ya vyooni na majikoni pamoja na maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye mapaa na lami. Siku kavu, yote huenda kwenye mtambo wa kusafisha. Mvua ikishuka kwa nguvu, bomba hujaa, na mchanganyiko huo humwagika mitoni kupitia matoleo 164 yaliyojengwa makusudi, ili uchafu usirudi kwenye vyumba vya chini vya nyumba za watu. Mito mikubwa inayoupokea, Schuylkill na Delaware, ndiyo hiyo hiyo inayowapa wakazi maji ya kunywa.

Mwaka 2011 jiji lilianza mpango wa miaka 25 uitwao Green City, Clean Waters. Badala ya kutegemea mahandaki makubwa ya zege peke yake, liliamua kuyazuia maji pale pale yanapoangukia. Kipimo chake ni ekari ya kijani, yaani ekari moja ya lami, paa au zege ambayo inchi ya kwanza ya mvua yake inapata pa kwenda kabla ya kuingia bombani. Inchi moja juu ya ekari moja ni zaidi ya lita 100,000. Inchi hiyo ya kwanza ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa ndiyo inayokomba mafuta ya magari, vumbi la matairi na vinyesi vya mbwa. Lengo ni kukaribia ekari 10,000 ifikapo 2036.

Chukua mtaro wa miti. Ukipita kando ya barabara utaona safu ya miti ya kawaida tu. Lakini maji ya barabarani huingia kwenye tundu lililo ukingoni na kuangukia chemba inayonasa taka na mchanga, kisha bomba lenye vitobo huyasambaza ndani ya tabaka la kokoto chini ya mizizi. Mengine yanazama ardhini, mengine yananywewa na miti, na pale udongo usiponyonya vizuri yaliyobaki hutolewa polepole dhoruba ikishapita.

Sasa nani anahakikisha kwamba mtaro huo unafanya kazi? Mafundi wa idara ya maji huja na mpira, hufungua bomba la zimamoto na kumwaga ndani kiasi cha maji wanachokijua. Kifaa kilichotumbukizwa kwenye kisima chembamba cha uchunguzi hurekodi kina cha maji yanavyopungua. Kanuni za jiji zinataka mtaro uwe mtupu ndani ya saa 72, ili mvua ifuatayo ikute nafasi.

Kazi hii haipigwi picha na wanasiasa, ila kwangu ndiyo roho ya mpango mzima. Ekari huingia kwenye hesabu kwa mahesabu ya michoro, mradi unapokamilika. Mwaka 2016 jiji lilivuka shabaha yake ya miaka mitano ya kwanza, ekari 744, na lilistahili pongezi. Hata hivyo, tundu la ukingoni likizibwa na majani na chupa za plastiki, maji hulipita na kuendelea hadi kwenye bomba lile lile la zamani, huku ekari ikiendelea kusomeka vitabuni kana kwamba iko hai.

Jambo jingine ambalo Philadelphia ililifanya vizuri ni kuwahusisha wenye mali. Tangu 2006, mradi wa ujenzi unaochimbua futi za mraba 15,000 au zaidi lazima uyashughulikie maji yake yenyewe, na mwaka 2015 kiwango kilipanda kutoka inchi moja hadi inchi moja na nusu. Kisha kuanzia 2010 viwanja vya biashara vikaanza kutozwa ada ya maji ya mvua kwa kufuata ukubwa wa eneo lake na sehemu isiyopitisha maji. Zamani, maegesho makubwa ya magari yasiyotumia hata tone la maji ya bomba yangeweza kukwepa gharama ambayo kinyozi wa jirani aliilipa. Ilibidi kila kiwanja kipimwe kwa picha za angani, na vipimo hivyo vikawa hazina ya kupangia miradi. Mwenye maegesho akiweka bustani ya mvua, ada yake inapungua.

Lakini ni vizuri watu wasiahidiwe kisichokuwemo. Septemba 2021, mabaki ya kimbunga Ida yalipofurisha mto Schuylkill, barabara kuu inayokatiza katikati ya jiji ilijaa maji kama mfereji. Mafuriko ya namna hiyo hayazuiliwi na bustani za pembeni mwa barabara, na mpango huu haukukusudiwa hivyo. Ulikusudiwa kukabili zile mvua za kila mara zinazopeleka majitaka mtoni bila kutangazwa kwenye habari.

Jiji lina ramani ya umma ambayo mkazi yeyote anaweza kuifungua akaona mradi ulio mtaani kwake. Ningetaka kila alama kwenye ramani hiyo ibebe pia tarehe ya ukaguzi wa mwisho, saa ambazo maji yalichukua kuisha, na namba ya kupiga tundu linapoziba.