Baridi Yabisi Isiyosikia Dawa, na Baka Lisilosikia Moto

Huku Kitengela, ambako Wapwani wengi tumekuja kutafuta riziki, mtu akivimba vidole au akiumwa na viwiko jibu huwa tayari: ni baridi ya Kajiado. Usiku wa Julai huku unauma kweli, na aliyezoea joto la Ukunda haoni ajabu mikono ikikakamaa. Atanunua vidonge vya maumivu, atajipaka mafuta, maisha yaendelee. Mara nyingi huwa ni baridi yabisi kweli. Lakini ukoma, ambao wazee wetu huuita jedhamu, unaweza kuja na sura hiyo hiyo.

Najua wengi wanadhani ukoma ulikwisha. Mwaka 1989 Kenya ilishuka chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hulihesabia taifa kuwa limeushinda. Kuushinda kwa hesabu si kuumaliza. Wagonjwa wapya bado hupatikana kila mwaka, wakiwemo wa Kwale na Kilifi kwetu, na wa upande wa ziwa kama Homa Bay na Busia. Bakteria wake huzaana polepole mno: dalili huchukua wastani wa miaka 5 kutokea, na wakati mwingine hata 20. Basi mtu anaweza kuambukizwa akiwa kijana Msambweni, akaja kuugulia Kitengela, mbele ya daktari ambaye huenda hajawahi kumwona mgonjwa wa ukoma.

Viungo huingiaje hapa? Kinga ya mwili inapopambana na bakteria hao, wakati mwingine huchachamaa ghafla. Homa hupanda, viungo huvimba, vinundu vyenye maumivu hutokea chini ya ngozi. Hata vipimo vya damu vya baridi yabisi vinaweza kusema "ndiyo" wakati ugonjwa ni ukoma. Hapo simlaumu daktari.

Mtego wenyewe uko kwenye prednisoloni. Dawa hiyo hutuliza uvimbe wa baridi yabisi, na hutuliza pia machachamao ya ukoma. Mgonjwa hupata nafuu, kila mtu huamini ugonjwa umejulikana, kisha dozi ikipunguzwa maumivu hurudi. Muda wote huo bakteria hawajaguswa, na mishipa ya fahamu inazidi kufa.

Namjua mama mmoja wa Pwani ya Kusini aliyezunguka hivyo karibu miaka miwili huku Kajiado. Siku moja muuguzi aliona kovu la moto kwenye kidole chake.

"Mama, hukusikia moto?"

"Sikusikia, mwanangu. Niliona tu ngozi imeng'oka."

Muuguzi akamwomba atazame pembeni, akampitishia kipande cha pamba juu ya baka jeupe mkononi. Hakusikia kitu. Katika miaka hiyo miwili aliulizwa anaumwa wapi mara nyingi. Hakuna aliyemuuliza ni wapi hapaumi.

Kisukari nacho huleta ganzi, lakini hakileti baka lililokufa ganzi. Baridi yabisi pia hailileti. Ukiwa na viungo vinavyouma pamoja na baka la namna hiyo, mwonyeshe daktari, na umwambie ulikolelewa hata asipouliza. Omba uchunguzwe ukoma; sampuli ndogo ya ngozi huweza kuwaonyesha bakteria.

Tiba ni rifampisini, dapsoni na klofazimini, kwa miezi 6 au 12 kulingana na hali ya ugonjwa. Hutolewa bure, na huulizwa kwenye kliniki za kifua kikuu, maana mpango wa taifa wa magonjwa haya mawili ni mmoja. Ukianza dawa, muda si muda huambukizi tena, kwa hiyo hakuna sababu ya kutengewa kikombe wala sahani. Watu wa nyumbani nao hukaguliwa ngozi.

Yule mama alimaliza miezi yake 12. Bakteria wameisha, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia vimebaki vimejikunja, na sindano ya kushonea kofia haishiki tena.