Haibridi ndogo: Nafuu ya mjini, mtihani wa shambani

KATIKA foleni ya asubuhi kati ya Kimara na Ubungo, jijini Dar es Salaam, yapo magari madogo yanayosimama bila kunguruma. Injini imezima yenyewe, lakini redio na kiyoyozi vinaendelea kufanya kazi. Foleni ikisogea hatua chache, gari nalo husogea kwa mota ya umeme.

Hayo ndiyo magari ya haibridi, yenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja. Dereva akikanyaga breki, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Miongoni mwa yanayoonekana sana mitaani ni Toyota Aqua na Toyota Prius yaliyotumika Japani.

Sifa za magari hayo zimefika hadi vijijini. Mkulima aliyepata bei nzuri ya mazao anaweza kushawishika kutoa fedha zote za msimu ili anunue moja. Kabla ya kufanya hivyo, ajibu kwanza maswali mawili: gari litapita barabara gani, na litatembea kilomita ngapi kwa mwaka?

Udogo ulivyoshusha bei

Prius ya kwanza iliingia sokoni nchini Japani Desemba 1997. Prius ya toleo la tatu, iliyotoka mwaka 2009, bei yake ilianzia yen milioni 2.05. Desemba 2011 Toyota ikaleta Aqua kwa bei ya kuanzia yen milioni 1.69.

Udogo ulichangia nafuu hiyo. Injini ya Aqua ni ya lita 1.5 wakati ile ya Prius ya 2009 ni ya lita 1.8. Betri ya Aqua ina vipande 20, ya Prius 28. Aqua ina urefu wa takriban mita 4, Prius karibu mita 4.5.

Hata hivyo, bei ya Japani si bei ya kufikia mkononi. Tanzania Bara hutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri wa zaidi ya miaka 8, hivyo gari la bei rahisi zaidi laweza kuwa ghali likifika bandarini. Mnunuzi apate makadirio ya kodi kwa wakala wa forodha kabla ya kutuma fedha.

Mjini na shambani

Betri ya Aqua imewekwa chini ya kiti cha nyuma. Uzito ukiwa chini, gari hutulia kwenye kona, na nafasi ya mizigo nyuma haiguswi. Kwa mfanyabiashara anayezunguka na bidhaa nyepesi kati ya Soko la Ilala na wateja wake, gari dogo namna hiyo hugeuza kwa urahisi na kupata maegesho bila shida.

Shambani mambo hubadilika. Kutoka ardhini hadi tumboni mwa Aqua ni takriban sentimita 14 tu, tena likiwa tupu. Likipakiwa matenga ya nyanya na abiria, hushuka zaidi na kuanza kukwangua tuta la katikati ya njia. Lumbesa za viazi si mzigo wake.

Tatizo jingine ni vumbi. Betri hupozwa na feni inayovuta hewa kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Gunia likiziba tundu hilo, au vumbi likijaa kwenye feni, betri hupata joto kali na kuchakaa mapema.

Aidha, katika safari ndefu, mfano kutoka Ilula mkoani Iringa hadi Morogoro, ukiacha mteremko wa Kitonga breki hukanyagwa mara chache. Injini hufanya kazi muda mwingi, na akiba ya mafuta huwa ndogo kuliko ya mjini.

Hesabu ya kurudisha fedha

Tuseme gari dogo la kawaida hutembea kilomita 12 kwa lita moja mjini, na haibridi kilomita 18. Tuseme pia petroli ni Sh3,000 kwa lita, na haibridi imezidi bei kwa Sh4 milioni.

Anayetembea kilomita 24,000 kwa mwaka atatumia lita 2,000 kwa gari la kawaida na lita 1,333 kwa haibridi. Ataokoa takriban Sh2 milioni kwa mwaka, na ile ziada itarudi ndani ya miaka miwili.

Anayetembea kilomita 6,000 tu kwa mwaka ataokoa takriban Sh500,000. Huyo atahitaji miaka minane, na kabla haijatimia betri inaweza kuwa imemdai fedha nyingine. Kila mmoja aweke namba zake mwenyewe katika hesabu hii.

Ukaguzi wa betri

Kabla ya kulipia gari ambalo tayari lipo nchini, fundi anayezijua haibridi apime betri kwa mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Kipande kimoja kilichochoka kinaweza kubadilishwa peke yake, lakini kipya kikichanganywa na vya zamani, mara nyingi nafuu yake haidumu. Nyaya nene za rangi ya chungwa zina umeme mkubwa. Asiye na ujuzi asiziguse.

Kwa mfanyabiashara wa mjini anayeendesha kila siku, haibridi ndogo yenye betri nzima inaweza kujilipa. Mkulima anayehitaji chombo cha kutoa mazao shambani aendelee kukodi pikapu wakati wa mavuno, na fedha iliyobaki ainunulie mbegu na mbolea ya msimu ujao.