Dohani Itazamwe Kabla ya Baridi ya Juni

Mwezi wa Juni ukaribiapo, watu wa Limuru, Kinangop na Molo hutoa mablanketi na kulundika kuni karibu na jiko la chuma. Ni wachache wakumbukao kuitazama dohani. Hata hivyo hapo ndipo penye hatari, maana si moshi wote utokao nje. Sehemu yake hubaki ndani ya bomba.

Kuni mbichi ndizo chanzo kikubwa. Nguvu ya moto huishia katika kukausha maji yaliyomo, na moshi hupanda ukiwa umepoa, ukaganda bombani kama lami nyeusi. Tena mtu akiziba tundu la hewa usiku ili kuni zidumu hadi asubuhi, lami huzidi. Lami hiyo huwaka. Ishikapo moto, bomba hunguruma kama upepo mkali, na joto lake laweza kufika digrii 1,000 za Sentigredi. Mbao za dari zilizo karibu zitasalimikaje? Wako wasemao kwamba moto huo husafisha bomba bure. Naam, husafisha, na pengine huondoa paa pia.

Basi chagueni siku ya jua, jiko likiwa limepoa kabisa. Tandikeni gunia sakafuni, fungueni vipande vya bomba, mvipeleke nje. Utando ukiwa na unene wa milimita 3, jiko lisiwashwe kabla ya kusafishwa. Masizi makavu hutoka kwa brashi ya nyuzi za chuma. Lami ing'aayo kama kioo haitoki, na afadhali kununua kipande kipya. Kielekezeni kila kipande kwenye jua: vikionekana vitundu vya mwanga, kutu imekwisha kukila.

Tazameni pia kofia ya juu, kwani ndege hujenga viota humo. Njia ikizibwa, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu hurudi chumbani, na waliolala hawaamshwi nayo. Aamkaye kila siku akiumwa kichwa asilaumu baridi tu.

Wakati wa kuunganisha, kipande cha juu kiingie ndani ya kile cha chini, ili lami ichuruzikayo irudi jikoni wala isimwagike nje. Mafundi wengine hufanya kinyume.

Kuni zilizokatwa Mei hazitakauka kufikia Juni. Zipasuliwe, zipangwe penye upepo chini ya kibanda, zingoje mwaka ujao.