Ardhi ya Mchanga na Tetemeko: Tupime Kabla ya Kujenga

Katika toleo hili tunaeleza kwa nini bajeti ya jengo, hata la mtaa mdogo kama Kakese, inahitaji fungu la kupima udongo.

Mkoa wa Katavi uko kwenye tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko lenye ukubwa wa takriban 7.4 lilipiga ukanda wa Rukwa. Tarehe 5 Desemba 2005 jingine la 6.8 lilitokea Ziwa Tanganyika na kubomoa nyumba Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Hivyo jambo hili linatuhusu.

Ukitikisa debe la mchele, mchele hushuka kwa sababu punje husogeleana. Mchanga legevu nao hufanya hivyo ardhi inapotikisika.

Maji hubadilisha hali. Mchanga uliojaa maji kabisa unaweza kulainika kama uji wakati wa tetemeko, kisha ukashuka maji yakipata njia ya kutoka. Mchanga wenye maji na hewa una nafuu: hewa hubonyea, shinikizo la maji halipandi haraka, na unyevu kidogo hushikanisha chembe. Hata hivyo bado hushuka, maana nafasi za hewa zipo. Tena nafuu hiyo hupungua mvua zikilowesha udongo. Kiwanja kilichopimwa Septemba kinaweza kuwa na tabia nyingine mwezi Machi.

Makadirio hufanyika hivi:

1. Kupima ulegevu wa kila tabaka. Nyundo ya kilo 63.5 huangushwa kutoka sentimita 76, na mapigo huhesabiwa kifaa kinapozama sentimita 30. Mapigo machache ni dalili ya mchanga legevu.
2. Kupima unyevu na kina cha maji, tukizingatia pia hali ya masika.
3. Mhandisi hukadiria nguvu ya mtikisiko na asilimia ambayo kila tabaka litabonyea.
4. Asilimia huzidishwa kwa unene wa tabaka, kisha majibu hujumlishwa.

Kwa mfano, tabaka la mita 2 likibonyea asilimia 1 hushuka sentimita 2. La chini yake, mita 4 kwa asilimia 0.25, hushuka sentimita 1. Jumla ni sentimita 3.

Jengo lote likishuka pamoja, madhara huwa madogo. Hatari ni pembe moja kushuka na nyingine kubaki; hapo kuta hupasuka.

Kamati za ujenzi, tunawaomba kabla ya kuchimba msingi muulize wenye visima vya jirani maji hufika kina gani masika na kiangazi, muandike, mumpe mhandisi. Mchanga legevu unaweza kushindiliwa au kuondolewa, na msingi ukafungwa kwa mkanda wa zege wenye nondo. Maji ya paa yaelekezwe mbali na msingi.

Wafadhili wetu, fungu hili halionekani jengo likikamilika, lakini ndilo linalolinda watakaokaa ndani yake.