Kiti cha Mtoto Hakifungwi kwa Weldingi

"Fundi, nichomelee ringi mbili hapa nyuma nifungie kiti cha mtoto." Ombi hili huja kwa wingi likizo za Agosti na Desemba zinapokaribia, wakati kila mwenye Land Cruiser hapa Malindi na Watamu anataka kupeleka familia Tsavo kupitia lango la Sala, au kuwapandisha wageni Marafa. Jibu langu ni lile lile: sichomelei. Na kwa kuwa ninayemkatalia huvuka barabara akachomelewa na mwingine kwa hela ya chai, nimeona nieleze sababu hapa, nipumzike kuulizwa.

Watu wanaamini kwamba chuma kikishachomelewa kwenye chuma vimekuwa kitu kimoja, na kwamba gari la porini ni chuma kitupu, kwa hiyo popote utakapobandika ringi pana nguvu. Si kweli. Nguvu ya gari la aina hii iko kwenye chasisi. Sakafu na kuta unazoziona ukifungua mlango wa nyuma ni bati jembamba, na ukilipigapiga kwa kidole linakuambia lenyewe. Ajali ikitokea, ringi haitakatika wala weldi haitaachia. Kitakachochanika ni bati, pale pembeni mwa weldi ambapo moto umeshakibadilisha chuma, na ringi itatoka na kipande cha sakafu kama kifuniko cha kopo.

Tupige hesabu. Mtoto wa kilo 15 kwenye kiti cha kilo 10, jumla kilo 25. Gari likitoka kilomita 50 kwa saa likasimama ndani ya nusu mita, mzigo huo unavuta kwa wastani wa karibu nusu tani, na kilele chake ni zaidi ya hapo. Kwa kilomita 80 kwa saa, mwendo wa kawaida kabisa kati ya Kilifi na Gede, ni tani moja na robo. Kanuni ya 145 ya Umoja wa Mataifa inataka vishikio vya Isofix, vile vya kiwandani vya kufungia kiti cha mtoto, vivutwe kwa kilonyutoni 8, yaani uzito wa kilo 800 hivi, bila kuachia. Ringi ya jana jioni imevutwa na nani? Na mkono wa fundi, mara mbili, akasema "hii haitoki".

Tuseme hakuna ajali. Moto wa weldi unaunguza rangi na kinga ya kutu upande wa chini, mahali ambapo hakuna atakayeinama kupaka tena. Kisha gari linarudi kwenye upepo wetu. Kutoka Gongoni hadi Marereni watu wanavuna chumvi mashambani; hewa hiyo hiyo ndiyo inayokula bati lako kuanzia chini, huku zulia likificha kila kitu kwa juu. Mwaka unaofuata unafungia mtoto kwenye kutu iliyopakwa rangi.

Hapo huja mteja mjanja: "Basi chomelea kwenye chasisi." Bodi ya gari hilo imekalishwa juu ya chasisi kwa mipira, na viwili hivyo huchezacheza kila kimoja kivyake, ndiyo maana unapita makorongo ya Langobaya bila kuvunjika. Kiti kiko kwenye bodi. Mkanda wake ukiufunga kwenye chasisi utakaza na kulegea kila tuta, na siku ya ajali bodi itakwenda huku na kishikio kule.

Wenye Land Rover Defender za zamani, nyinyi hata msianze. Sehemu kubwa ya bodi hiyo ni aluminiamu, na ringi ya chuma haichomeleki juu yake. Anayekuambia amechomelea amepiga ribiti. Chuma na aluminiamu vikigusana kwenye hewa ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa.

Ringi za kufungia mizigo zilizokuja na gari nazo si jibu. Ziliwekwa zizuie friji na madumu ya maji yasitembee. Na vile viti vya ubavuni vya nyuma, vinavyotazamana kama vya matatu za kale, havifungiwi kiti cha mtoto kamwe, hata viwe na mikanda. Kiti cha mtoto hujaribiwa kikielekea mbele au nyuma ya gari, ubavu hakuna. Pajani kwa mama? Rudi kwenye hesabu ya juu, kisha uniambie ni mikono ipi inayoshika karibu kilo 300, za mtoto peke yake bila kiti.

Sasa ya kufanya, haraka. Japani ilianza kulazimisha Isofix kwenye magari mapya ya abiria Julai 2012, na Kenya haipokei gari la mtumba lililozidi miaka 8, kwa hiyo Prado uliyoiingiza karibuni ina vishikio hivyo: ingiza vidole kati ya egemeo na kikalio, utagusa vyuma viwili vya milimita 6, vimeachana milimita 280. Tafuta pia kishikio cha mkanda wa juu. Kitabu cha gari kinaonyesha kilipo. Gari halina? Nunua kiti kinachofungwa kwa mkanda wa gari wa pointi tatu. Kikifungwa vizuri hakina upungufu wowote. Kikamate pale mkanda unapopita ukitikise: kikisogea zaidi ya sentimita 2.5, anza upya, na ukitoka barabara ya vumbi kague tena. Mtoto mchanga aelekee nyuma, na kamwe asiwekwe mbele ya eabegi. Kiti cha mtumba usichojua kilikotoka, kiache. Ukilazimika kuongeza kishikio, weka kiti kizima cha gari kilichotengenezewa modeli hiyo, kikiwa na mikanda yake, kifungwe kwa bolti kwenye matundu ya kiwandani. Bolti za mikanda ni za inchi 7/16 zenye nyuzi nyembamba. M10 ya duka la vifaa vya ujenzi itaingia na kulegalega, na bado kuna mafundi wanaoizungushia tepu.

Wenye magari ya safari, mnapopokea simu kwamba familia inakuja na mtoto wa miaka miwili, ulizeni uzito wake kabla ya kutaja bei. Kama gari lenu halina kiti kinachotazama mbele chenye mkanda wa pointi tatu, semeni halina, na mumpeleke mteja kwa mwenye nalo.