Kijineno Kimoja, Gerezani na Msikitini

Tukisema "babake yumo gerezani", msikizaji hana budi kuuliza: kafungwa, au ni askari jela? Mwingereza hulimaliza hapo hapo. "In prison" ni mfungwa. "In the prison" ni aliyeingia kwa kazi au kumtazama mtu. Kijana akikosa hicho "the" katika barua ya kuomba kazi, amemfunga babake bure! Hospitali kadhalika: "in hospital" kalazwa, ijapokuwa Wamarekani husema "in the hospital" hata kwa mgonjwa.

Linalonikera mimi ni ibada. Kanisa hutajwa "at church", bila "the". Msikiti, kwa desturi, "at the mosque", kama jengo tu. Waislamu wa Uingereza wapo wasemao "go to mosque", nami nawaunga mkono.